Malale: kimelea kinachosafiri na ng'ombe wa mnadani, na kisu kinachokiponza

Desemba 1998, wagonjwa wa malale walianza kuonekana katika wilaya ya Soroti, mashariki mwa Uganda. Jambo hilo lilishtua, kwa sababu malale ya upande huo ilijulikana kuwa ugonjwa wa kusini zaidi, Busoga na Tororo, karibu na Ziwa Victoria na mpaka wa Kenya. Mbung'o walikuwapo Soroti tangu zamani. Kilichokosekana ni kimelea cha wao kusambaza.

Watafiti waliofuatilia mlipuko huo walichapisha matokeo yao mwaka 2001 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Walipopanga makazi ya wagonjwa kwenye ramani waligundua kwamba kadiri mtu alivyoishi karibu na soko la ng'ombe la Brookes Corner, ndivyo uwezekano wake wa kuugua ulivyoongezeka. Walipoangalia asili ya mifugo, walikuta zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa sokoni hapo walitoka katika maeneo yenye malale. Soroti ilikuwa imepoteza mifugo mingi kwa vita na kwa wizi wa ng'ombe, wananchi walikuwa wakinunua upya, na wafanyabiashara waliwaletea ng'ombe kutoka kokote walikopatikana. Kanuni ya kutaka ng'ombe atibiwe kabla ya kuondolewa katika eneo lenye ugonjwa ilikuwapo. Haikufuatwa.

Hakuna aliyekusudia mabaya. Mnunuzi mnadani huangalia meno, nundu, kwato na mwendo wa mnyama, lakini kimelea hiki hakionekani kwa macho hayo. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kubeba Trypanosoma brucei rhodesiense, aina inayoua binadamu ndani ya miezi, huku akila vizuri na kupanda bei. Kinachomkondesha ng'ombe zaidi ni ndugu zake wawili, congolense na vivax, ambao huleta nagana: homa, machozi, manyoya kusimama, mimba kutoka, maziwa kukauka. Hao wawili mfanyabiashara anawajua kwa hasara anayopata. Yule wa kwanza hamjui, maana gharama yake hulipwa na mtu mwingine, katika kijiji kingine, baada ya ng'ombe kuuzwa na fedha kutumika.

Katika miaka ya karibuni, dawa za aina mpya zimeanza kukipiga kimelea hiki mahali ambapo hakikuwahi kupigwa. Mahali penyewe ni padogo mno, lakini wafanyabiashara wa mpakani watapaelewa haraka kuliko watu wengi, kwa kuwa panafanana na kazi yao ya kila siku. Ni mahali ambapo nakala hukatwa, hupigwa muhuri na kuruhusiwa kuvuka.

Koti linalobadilishwa

Kila mwenye mifugo amewahi kuuliza kwa nini hakuna chanjo ya nagana wala ya malale. Jibu liko kwenye ngozi ya kimelea. Kila kimoja kimefunikwa na koti la molekuli zipatazo milioni 10 za protini ya aina moja. Mwili wa ng'ombe au wa mtu hulijifunza koti hilo na kuanza kuua kila kilichovaa hivyo. Kabla kazi haijaisha, vichache huwa vimeshabadilisha. Vinaibuka na koti jingine, mwili unaanza kujifunza upya, na homa inapanda tena. Trypanosoma brucei ina hazina ya zaidi ya jeni 1,000 za makoti. Nyingi kati ya hizo ni mbovu, lakini haitupi kitu. Inachukua kipande hapa na kipande pale na kushona koti jipya. Chanjo inayofundisha mwili koti moja ni sawa na askari aliyepewa picha ya mtu anayebadilisha sura kila wiki.

Upande wa dawa nao una ugumu wake. Bakteria ni jamaa wa mbali sana na sisi, na ndiyo maana kuna dawa nyingi zinazomuua yeye bila kumgusa mgonjwa. Trypanosoma ni seli yenye kiini, kama seli ya binadamu, ya ng'ombe au ya muhindi ulioko shambani. Mitambo yake mingi inafanana na yetu, kwa hiyo sumu inayokiua huelekea kumuumiza na aliyekibeba. Melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliponya malale iliyofika kwenye ubongo, lakini iliua takriban mgonjwa 1 kati ya kila 20 waliochomwa. Madaktari wa pande hizi waliendelea kuitumia kwa miongo kadhaa, kwa kuwa bila hiyo wote 20 wangekufa.

Kwa ng'ombe, ile dawa ya njano inayoyeyushwa kwenye maji, diminazini, iko sokoni tangu mwaka 1955. Nyekundu, isometamidiamu, ilifuata miaka michache baadaye. Mfugaji wa leo anamchoma ng'ombe wake kwa dawa zilezile alizotumia babu yake, na katika sehemu nyingi vimelea vimeshazizoea.

Ilibidi basi kutafuta jambo ambalo kimelea hiki hukifanya kwa njia yake peke yake.

Nakala haivuki bila karatasi

Katika seli yenye kiini, DNA hukaa ndani ya kiini kama hati ya shamba iliyofungiwa kwenye sanduku la benki. Haitoki nje. Seli ikihitaji kutengeneza protini fulani, hutoa nakala ya sehemu inayohusika, na nakala hiyo huitwa RNA. Nakala ndiyo inayokwenda nje ya kiini, kwenye karakana za protini.

Hadi katikati ya miaka ya 1970 wanasayansi walidhani nakala hutoka ikiwa tayari kutumika, kama walivyozoea kuona kwa bakteria. Mwaka 1977 makundi mawili nchini Marekani, moja likiwa na Phillip Sharp katika chuo cha MIT na jingine likiwa na Richard Roberts katika maabara ya Cold Spring Harbor, yalikuwa yakichunguza adenovirusi, virusi vya mafua vinavyotumia mitambo ya seli za binadamu. Walipolinganisha RNA iliyokamilika na DNA iliyoizaa, waliona vipande vizima vimepotea katikati. Vilikuwa vimenakiliwa, kisha vikakatwa na kutupwa, na vilivyobaki vikaungwa. Hali ikawa hiyohiyo walipoanza kutazama jeni za wanyama na za watu. Sharp na Roberts walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Kwa binadamu, mambo matatu hufanyika kabla nakala haijaruhusiwa kutoka. Mbele yake huvishwa kofia, herufi moja ya kemikali iliyowekwa kinyume, inayoilinda isiliwe na ambayo karakana huitambua kabla ya kuanza kazi. Katikati, vipande vya ziada hukatwa. Nyuma, nakala hukatwa mahali maalumu na kuongezwa mkia wa herufi A zipatazo 200. Ukuta wa kiini una malango, na malango yana wakaguzi. Nakala isiyo na kofia, au ambayo bado ina vipande vya ziada, huzuiwa na kuharibiwa humohumo ndani. Anayefahamu foleni ya lori lisilo na karatasi kamili hahitaji maelezo zaidi.

Kiasi kinachotupwa kinashangaza. Jeni ya distrofini, protini inayoimarisha misuli yetu, ina urefu wa herufi zaidi ya milioni 2. Kuinakili tu huchukua saa zipatazo 16. Ukataji ukimalizika, nakala inayotoka ina herufi takriban 14,000. Ni kama kuagiza kontena zima ili upate boksi moja, ingawa seli ina sababu: jeni moja ikikatwa kwa namna tofauti huzaa protini tofauti, na ndivyo binadamu anavyojimudu na jeni zipatazo 20,000.

Mzigo wa kuchanganya

Trypanosoma nayo inakata na kuunga, lakini kwa utaratibu ambao mwalimu wa baiolojia asingeukubali kama usingethibitishwa.

Kwa binadamu kila jeni ni gari lake, na dereva wake na karatasi zake. Kimelea hiki kimepanga jeni zake kwa safu, makumi hadi mamia mstari mmoja, na mtambo wa kunakili huanza mwanzo wa mstari na kwenda hadi mwisho bila kusimama. Kinachotoka ni utepe mrefu wenye maagizo ya protini nyingi zisizohusiana. Wafanyabiashara wanaliita hilo mzigo wa kuchanganya: lori moja limebeba mitumba ya huyu, vitenge vya yule, sufuria za mwingine, na kila mwenye mali anangoja chake upande wa pili.

Utepe huo hauwezi kutumika ulivyo. Lazima ukatwe, na kila kipande kipewe karatasi zake. Hapo ndipo kuna ule upekee. Kila kipande, kiwe cha koti, cha chakula au cha mkia wa kuogelea, hupachikwa mbele yake kichwa kilekile cha herufi 39. Kichwa hicho hakikuwamo kwenye utepe. Kinatoka kwenye RNA nyingine ndogo, inayotengenezwa kwa wingi mahali tofauti, na tayari kina kofia yake. Mapema miaka ya 1980 watafiti waliokuwa wakisoma RNA za makoti waligundua kwamba zote zinaanza na maneno yaleyale, ambayo hayapo kwenye DNA iliyo jirani na jeni hizo. Mwaka 1986 ikathibitishwa kwamba ni RNA mbili tofauti zinazounganishwa kuwa moja. Ni muhuri mmoja kwa shehena zote.

Muhuri ukigongwa kwenye kipande cha nyuma, kipande kilicho mbele yake hukatwa mwisho wake na kupewa mkia wa herufi A. Kazi hizi mbili zinakwenda pamoja. Ile njia yetu ya binadamu, ya kutoa vipande kutoka katikati ya jeni, kimelea hiki hukitumia kwa jeni 2 tu zinazojulikana, kati ya jeni zake zinazokaribia 9,000.

Utaratibu huu una gharama. Seli yetu ikitaka protini fulani kwa wingi huamua mwanzoni, wakati wa kunakili, kama mfanyabiashara anayeamua cha kupakia kabla lori halijaondoka. Trypanosoma haina nafasi hiyo, kwa kuwa kila kitu kimepakiwa pamoja. Uamuzi wake hufanyika baadaye: nakala ipi idumu, ipi ioze haraka, ipi isomwe mara nyingi. Kikitoka kwenye damu ya ng'ombe na kuingia tumboni mwa mbung'o, kimelea lazima kivue koti, kibadilishe chakula na mwenendo wake wote, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo hufanyika katika hatua hizi za baada ya kunakili. Uwanja huu wa kukatia mizigo ukifungwa, nakala zinaendelea kutengenezwa lakini hakuna hata moja inayofaa kitu.

Mbung'o wa Kiboko

Mengi ya haya yalijulikana kwa vimelea vilivyotoka hapa kwetu. Katika majarida ya sayansi ya dunia nzima, aina nyingi za trypanosoma zinazotumika maabara zina jina linaloanza na EATRO na namba. Ni kifupi cha shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa trypanosoma, lililokuwa na maabara yake Tororo, kilomita chache kutoka mpaka wa Kenya, na lililohudumia Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja. Wataalamu wake walikusanya vimelea kutoka kwa wagonjwa, ng'ombe, wanyamapori na mbung'o wa nchi zote tatu, wakavigandisha na kuviandikia namba.

Namba 1534 ilitoka kwa mbung'o aliyenaswa Kiboko, Kenya, mwaka 1970. Madereva wa barabara ya Mombasa wanapajua Kiboko. Kizazi cha kimelea hicho ndicho kilichochaguliwa DNA yake isomwe yote, na matokeo yalichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Science. Ndiyo maana leo mtu aliyeko Seattle au Heidelberg anaposema jeni fulani ya Trypanosoma brucei imeandikwa hivi, anarejea kwa mbung'o wa Kiboko.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mwaka uleule wa ugunduzi wa Sharp na Roberts. Utafiti wa pamoja nao ukagawanywa. Uganda ilibaki na Tororo, Kenya ikaanzisha taasisi yake Muguga. Mbung'o hawakugawanywa.

Upekee mwingine wa kimelea hiki ulionekana Amsterdam mwaka 1986, na haukuaminika mara moja. Rob Benne na wenzake walikuwa wakiangalia jeni zilizo ndani ya mitokondria, jiko la nishati la seli. Jeni mojawapo ilionekana mbovu: ukiisoma herufi kwa herufi, maana yake inakatika katikati. Lakini RNA yake ilikuwa nzima. Ilikuwa na herufi 4 za U ambazo hazikuwamo kwenye DNA. Kimelea kilikuwa kimehariri nakala.

Miaka miwili baadaye ilionekana kwamba herufi hizo 4 ni kidogo. Kwa jeni nyingine ya Trypanosoma brucei, nakala huongezwa U 547 na kuondolewa 41. Zaidi ya nusu ya ujumbe unaosomwa na karakana haikuandikwa kwenye hati. Ni kama ankara inayofika forodhani ikiwa na mistari mitupu, kisha karani anaijaza kwa kufuata vikaratasi alivyo navyo mfukoni. Vikaratasi hivyo vilipatikana mwaka 1990: ni RNA ndogo ndogo zinazotengenezwa kutoka kwenye maelfu ya vipete vya DNA vilivyosukwa kama fulana ya chuma. Kwa nini kimelea kichague njia ndefu namna hiyo ni swali ambalo wanasayansi bado wanalibishania.

Kisu

Nyuma ya utepe, pale mkia unapotakiwa kuwekwa, kuna kimeng'enya kinachokata. Kinaitwa CPSF3. Sisi pia tunacho, na kazi yake kwetu ni hiyohiyo. Kwa trypanosoma, ambayo karibu kila nakala yake inatoka kwenye utepe wa pamoja, kisu hiki hakina mbadala.

Acoziborole haikutengenezwa ili ipige kisu hicho. Ilitokana na familia ya kemikali zenye boroni, zilizojaribiwa kwa sababu moja tu: zilikuwa zinaua vimelea kwenye chupa na kwa panya, na ziliweza kufika kwenye ubongo. Majaribio kwa wagonjwa yalianza mwaka 2016, yakiratibiwa na shirika la DNDi, kabla mtu yeyote hajajua dawa inaua kwa njia gani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na washirika wao walionyesha kwamba inakwama ndani ya CPSF3. Mwaka huohuo kundi jingine lilionyesha kwamba kemikali nyingine ya familia hiyo huvuruga utayarishaji wa RNA ndani ya kimelea.

Kwa nini basi haimuui mgonjwa, ambaye naye ana kisu? Umbo lililochorwa kwa kompyuta lilionyesha kwamba mfuko ambamo dawa inaingia haufanani sawasawa. Kwa binadamu kuna tofali moja la protini lililo nene zaidi, nalo linaziba nafasi. Maisha ya mgonjwa yanategemea unene wa tofali hilo.

Majaribio yalifanyika katika hospitali za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Guinea, kwa wagonjwa 208 wa malale ya magharibi, inayoletwa na gambiense. Kila mmoja alimeza vidonge 3 kwa mara moja, basi. Baada ya miezi 18, kati ya wagonjwa 167 ambao ugonjwa ulikuwa umekomaa, 159 walihesabiwa wamepona, sawa na asilimia 95.2. Wale 41 wa hatua za mwanzo walipona wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Tiba iliyotangulia kwa ugonjwa uliokomaa ilikuwa dripu 14 ndani ya siku 7 pamoja na vidonge vya siku 10, hospitalini, baada ya kuchomwa sindano ya uti wa mgongo. Kongo, ambayo mwaka huohuo wa 2022 iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndiyo nchi yenye wagonjwa wengi zaidi wa aina hii. Anayewajua wachuuzi wa mtoni wa nchi hiyo anaelewa tofauti kati ya kumwambia mtu alazwe wiki mbili na kumpa vidonge vitatu akaendelea na safari.

Malale ya mashariki, ile ya Soroti, ni habari nyingine. Kwa hiyo, dawa ya vidonge vya fexinidazole ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda na Malawi, na Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye mwongozo wake wa mwaka 2024. Inamezwa kwa siku 10, lakini angalau aseniki imewekwa pembeni.

Pakiti moja, ng'ombe wawili

Kwa ng'ombe, ndugu wa acoziborole anaitwa AN11736. Utafiti uleule wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba naye anapiga CPSF3, na katika majaribio ya ng'ombe sindano moja ya msuli iliondoa congolense na vivax, vile viwili vinavyoleta nagana. Ndiyo dawa ya kwanza kwa miongo mingi inayokishika kimelea cha mifugo mahali papya.

Kuna habari isiyopendeza pia, na ilikuja mapema. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba dawa hii ya mifugo huingia kwenye kimelea ikiwa imefungwa, na ni kimeng'enya cha kimelea chenyewe kinachoifungua. Maabara walipata vimelea vilivyopoteza kimeng'enya hicho, na dawa haikuviumiza kama mwanzo. Yaani mlango wa kuizoea dawa umeshaonekana kabla dawa haijafika minadani.

Kitakachoamua kama mlango huo utapitwa ni jinsi dawa inavyotumika, na hapo sayansi inaishia mikononi mwa mwenye ng'ombe. Chukua mfano wa ile ya njano. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 imepimwa kwa ng'ombe wa kilo 300. Anayeigawa kwa ng'ombe wawili wa uzito huo hajaokoa nusu ya bei. Amewapa wote wawili kipimo kinachoua vimelea dhaifu na kuacha vigumu, kisha amewapakia kwenye lori na kuwapeleka kwa mbung'o wa wilaya nyingine. Kuongeza maji ili dawa ionekane nyingi kunazaa matokeo yaleyale. Pakiti za bei ya kutupa zisizo na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho nazo ziwekwe fungu moja na maji, kwani dawa zisizofikia viwango zimekutwa katika masoko kadhaa ya bara hili.

Soroti haikuishia Soroti. Ugonjwa ulisogea kwenda Kaberamaido na Dokolo, kuelekea kaskazini-magharibi, ambako ndiko iliko malale ya gambiense. Mwaka 2005 umbali kati ya maeneo ya aina hizo mbili ulikadiriwa kuwa takriban kilomita 150. Zikikutana, mganga wa zahanati mwenye darubini pekee hataweza kuzitofautisha, maana kwa macho zinafanana, na wakati huo dawa zake hazikuwa zilezile. Mwaka 2006 Uganda ilianza kampeni ya kutibu mamia ya maelfu ya ng'ombe katika wilaya hizo, huku wanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Makerere wakishiriki. Ng'ombe walichomwa sindano, kisha wakapuliziwa dawa miguuni na tumboni, sehemu ambazo mbung'o hupenda kutua. Kumpulizia ng'ombe mzima kungetumia dawa nyingi zaidi bila faida kubwa.

Tangu hapo takwimu zimeshuka. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2022 kwamba malale ya gambiense si tena tatizo la afya ya umma nchini Uganda, na mwaka huohuo likathibitisha vivyo hivyo kwa Rwanda upande wa rhodesiense. Kenya ilithibitishwa Agosti 2025. Uthibitisho huo unahusu watu. Ng'ombe haumhusu, na kwa rhodesiense ng'ombe ndiye ghala.

Kanuni iliyopuuzwa mwaka 1998 ilitaka ng'ombe atibiwe kule anakotoka, kabla ya kupakiwa. Dawa iliyochomwa baada ya kufika inamkuta mbung'o wa huko ameshakula.